Mto Mmoja, Majina Mengi: Funzo la Safari ya Danube

Kila mwaka ifikapo Desemba, wageni kutoka Ulaya huikimbia baridi ya kwao na kumiminika katika fuo za Diani, Malindi na Lamu. Ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba wapo wenzao, tena si haba, ambao huifuata baridi hiyo kwa hiari na hata kuilipia. Hao hupanda meli ndefu za mtoni na kuteremka na mto Danube kutoka Ujerumani hadi Hungaria. Hula na kulala melini, na kila kukicha hushuka katika mji mwingine wa kale: leo Passau, kesho Melk, kesho kutwa Vienna, kisha Bratislava na hatimaye Budapest. Huo ndio msimu wa kuingojea Krismasi, ambapo viwanja vya miji hiyo hugeuzwa masoko ya vibanda vya mbao vilivyosheheni mishumaa, vinyago, soseji, mikate ya asali na vinywaji vya moto.

Mnamo Desemba 2024, baada ya kuhudhuria kongamano la isimu nchini Ujerumani, nami nilijiunga na wasafiri hao kwa muda wa siku saba. Sikusudii kumchosha msomaji kwa sifa za vyakula na vitanda vya meli. Nakusudia kueleza jambo moja lililojitokeza katika kila mji tulioshuka, ambalo naamini lina uzito kwa walimu na wanafunzi wetu. Jambo lenyewe ni hili: lugha haipati kiti chake cha heshima kwa wingi wa wasemaji wake, wala kwa umri wake. Hukipata pale wenyewe wanapoamua kuifanyia kazi, kuigharimia na kuitumia. Ushahidi wa kauli hii umetapakaa kwenye kingo za mto ule.

Kwanza tuutazame mto wenyewe. Danube huanzia katika Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa Ujerumani, na kumwaga maji yake katika Bahari Nyeusi baada ya safari ya kilomita zipatazo 2,850. Hupita au kugusa nchi 10, na hakuna mto mwingine duniani unaogusa nchi nyingi kiasi hicho. Wajerumani na Waaustria huuita Donau, Waslovakia huuita Dunaj, Wahungaria, Duna, Wakroatia, Waserbia na Wabulgaria, Dunav, Waromania, Dunărea. Majina haya yote ni ya ukoo mmoja. Wanaisimu huyarejesha kwenye neno la kale sana lililomaanisha mto tu, au maji yatiririkayo, na neno hilo hilo limeacha alama katika majina ya mito ya Don na Dnieper. Kwa hakika jambo hili si geni kwetu. Nyanza, katika lugha kadhaa za Kibantu za eneo la maziwa makuu, ni neno la kawaida la ziwa. Wenyeji hawana haja ya kulipa ziwa lao jina la pekee. Ni wageni wanaohitaji jina la kuandika kwenye ramani.

Safari yetu ilianzia Passau, mji mdogo wa Ujerumani ulio mpakani mwa Austria. Hapo mito mitatu hukutana: Danube yenyewe, Ilz wenye maji ya giza, na Inn uteremkao kutoka milima ya Alps ukiwa na rangi ya kijani iliyopauka. Ukisimama kwenye ncha ya mji waweza kuziona rangi hizo zikienda sambamba kabla hazijachanganyika. Ukuta wa jumba la halmashauri ya mji umechorwa alama za mafuriko ya karne nyingi. Yale ya Juni 2013 yalifikia kimo cha takriban mita 12.89, ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1501. Lakini lililonivutia zaidi ni hili: kwa wastani wa mwaka, mto Inn hubeba maji mengi kidogo kuliko Danube. Hata hivyo, baada ya hapo hakuna aitajaye Inn tena. Jina liendalo mbele ni la Danube. Kumbe basi hata mito haipewi majina kwa kupimiwa maji. Neno hili tuliweke akilini, maana tutalihitaji baadaye.

Meli za mto huu hujengwa kwa kipimo cha mto. Kubwa zake huwa na urefu wa mita 135 hivi na upana wa mita 11 na ushei, na huchukua abiria wasiozidi 200. Zina umbo bapa ili zielee katika maji haba, na chumba cha nahodha aghalabu huweza kushushwa ili meli ipenye chini ya madaraja. Kipupwe cha Ulaya huleta mitihani yake. Maji yakijaa, meli haipiti chini ya daraja. Yakipungua, hugusa mchanga. Ukungu ukitanda, mwendo huwa wa kinyonga. Mnamo Januari 2017 barafu ilisimamisha kabisa usafiri katika sehemu kadhaa za mto huu. Ifikapo saa kumi jioni giza limekwisha kuingia, na miti iliyopukutika majani husimama ukingoni kama mistari ya kalamu kwenye karatasi kuukuu.

Kati ya Passau na Budapest kuna mabwawa 11 ya kuzalisha umeme. Katika kila bwawa meli huingia kwenye chumba kirefu cha zege chenye lango mbele na lango nyuma; lango la nyuma hufungwa, maji hupunguzwa, na meli hushuka polepole kama mtu ashukaye kisimani, mpaka ilingane na mto wa upande wa chini, ndipo lango la mbele lifunguliwe. Kando ya mto kuna vibao vya kilomita. Ajabu yake ni kwamba vibao hivyo huhesabu kuanzia baharini kwenda juu: Passau ni kilomita 2,226, Vienna 1,929, Budapest 1,647. Kadiri uendavyo mbele ndivyo hesabu inavyopungua.

Tulipita Melk, penye monasteri ya Wabenedikto iliyoanzishwa mwaka 1089 na kujengwa upya kwa fahari kubwa kuanzia mwaka 1702. Katika maktaba yake vitabu vimepanda ukutani kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na vingi vya kale vimeandikwa kwa Kilatini. Nawaomba wanafunzi wazingatie jambo hili. Kwa mamia ya miaka, msomi wa kingo hizi aliyetaka kuheshimiwa alilazimika kuandika kwa lugha ambayo mama yake hakuijua. Kijerumani kilikuwa lugha ya sokoni, Kihungaria cha shambani, na Kislovakia cha zizini; elimu ilikaa katika Kilatini. Walikuwapo wengi walioapa kwamba falsafa, sheria na sayansi haziwezi kusemwa kwa lugha za mama. Je, hoja hizi hatujapata kuzisikia katika kumbi zetu za walimu?

Vienna ulikuwa mji mkuu wa milki kubwa ya Habsburg, na taa zake za Desemba humfanya mgeni asahau kwamba zipo nyota. Lakini mimi niliketi katika mkahawa na kuyatazama maneno ya kwenye meza. Waturuki wa Milki ya Osmani waliuzingira mji huu mwaka 1529 na tena mwaka 1683. Hawakuutwaa, ila kinywaji chao kiliutwaa. Neno la Kiarabu, qahwa, lilipitia Kituruki, kahve, likawa Kaffee kwa Kijerumani, káva kwa Kislovakia na kávé kwa Kihungaria. Kwetu lilikuja na majahazi ya pepo za msimu likawa kahawa. Sukari nayo ni Zucker kwa Mjerumani na cukor kwa Mslovakia na Mhungaria, yote kutoka sukkar ya Kiarabu. Nilipofika Bratislava na kuagiza chai, neno lilikuwa čaj, nalo hutamkwa sawasawa na letu. Sababu ni kwamba neno hilo lilisambaa kutoka Uchina kwa njia mbili: njia ya nchi kavu kupitia Uajemi na Urusi ilieneza chai, na njia ya bahari ya Waholanzi ilieneza lile liitwalo Tee kwa Kijerumani na tea kwa Kihungaria. Maneno husafiri kuliko watu, wala hayaombi viza.

Vienna ina jambo jingine linalomhusu Mkenya, na kila mwalimu wa historia yafaa alijue. Katika kanisa la Wakapuchini, chini ya ardhi, yamepangwa majeneza ya shaba na risasi ya watawala wa Habsburg. Mmoja wao ni Rudolf, mrithi wa ufalme aliyefariki huko Mayerling mnamo Januari 1889. Ndiye ambaye jina lake lilibandikwa kwenye ziwa letu la kaskazini. Mnamo mwaka 1887, Samuel Teleki, mwinyi wa Kihungaria, pamoja na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la wanamaji aliyezaliwa Bratislava, waliondoka Pangani na msafara wa mamia ya wapagazi. Miongoni mwa viongozi wa msafara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani. Machi 1888 walifika ziwani. Wenyeji walikuwa na majina yao: Wasamburu walisema ziwa jeusi, Waturkana walikuwa na neno lao, na Waelmolo, waliovua samaki pale pale, walikuwa na lao. Teleki akaliita Ziwa Rudolf, na ziwa jingine dogo la jirani akalipa jina la Stefanie, mkewe Rudolf. Mwana huyo wa mfalme hakuliona ziwa lake. Alikufa kabla mwaka haujatimia. Lakini jina lilidumu kwenye ramani hadi mwaka 1975, lilipobadilishwa kuwa Turkana.

Tujiulize kwa nini. Msafara ule ulizungumza Kiswahili. Ni Kiswahili kilichouliza njia, kikanunua chakula na kuamua ugomvi. Lakini shajara ilikuwa ya Kijerumani, na kitabu alichokitoa Höhnel mwaka 1892 kilikuwa cha Kijerumani. Anayeandika ndiye anayebatiza. Wapagazi waliozungumza walisahaulika. Ofisa aliyeandika alilijaza majina ziwa lisilo lake.

Kutoka Vienna hadi Bratislava ni mwendo mfupi wa kilomita 60 tu, lakini ni kama kufungua kitabu kipya. Mji huu Wajerumani waliuita Pressburg, Wahungaria bado huuita Pozsony, na Waslovakia wenyewe waliuita Prešporok hadi mwaka 1919, ulipopewa rasmi jina la Bratislava. Waturuki walipouteka Buda mwaka 1541, makao ya serikali ya Hungaria yalihamia hapa, na kutoka mwaka 1563 hadi 1830 wafalme wa Hungaria walitawazwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Martin. Mama mmoja mzee aliyetutembeza mjini alituambia kwamba nyanya yake aliishi katika nchi nne bila ya kuhama nyumba. Alizaliwa katika milki ya Austria na Hungaria, akaolewa katika Czechoslovakia, akapata wajukuu katika taifa la Slovakia la wakati wa vita, akazeeka katika Czechoslovakia nyingine. Kama angaliishi hadi 1993, angalizikwa katika nchi ya tano. Sokoni aliongea Kihungaria, kwa daktari Kijerumani, jikoni Kislovakia.

Mji huu ndio uliokuwa uwanja wa mapambano ya lugha. Bunge la Hungaria lilikutana hapa, na lugha yake ilikuwa Kilatini. Mnamo Novemba 1825 kijana mmoja tajiri, István Széchenyi, alisimama na kuahidi mapato ya mwaka mzima ya mashamba yake ili chama cha wanazuoni kiundwe kwa ajili ya kuikuza lugha ya Kihungaria. Ahadi hiyo ndiyo mbegu ya Akademia ya Sayansi ya Hungaria. Mwaka 1844, katika mji huu huu, bunge lilipitisha sheria iliyokiondoa Kilatini na kukifanya Kihungaria kuwa lugha ya serikali. Tukumbuke kwamba Széchenyi mwenyewe aliandika shajara yake kwa Kijerumani kwa sehemu kubwa. Hakuwa mtu aliyeijua lugha ya taifa kuliko wengine. Alikuwa mtu aliyeamua.

Wakati huo huo, mitaa michache kutoka bungeni, mwalimu Ľudovít Štúr alikuwa akifundisha katika shule ya Walutheri. Mwaka 1843 yeye na wenzake wawili waliafikiana kukisanifisha Kislovakia kwa msingi wa lahaja za sehemu ya kati ya nchi, na mwaka 1846 akatoa kitabu cha sarufi yake. Wakuu walimwondoa katika kazi ya kufundisha. Wanafunzi wake kadhaa walikasirika, wakafungasha virago mnamo Machi 1844 na kwenda kusoma Levoča, mji ulio mbali upande wa mashariki. Mmoja wao, Janko Matúška, alitunga wakati huo wimbo ambao hii leo ni wimbo wa taifa la Slovakia. Narudia: mwalimu mmoja, sarufi moja, na wanafunzi wachache waliotembea katika theluji. Leo Kislovakia kina wasemaji wapatao milioni 5, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Comenius, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1919, husomea sheria, fizikia na udaktari kwa lugha hiyo.

Hata hivyo, historia ya kingo hizi ina upande wa pili, na mwalimu mwaminifu haufichi. Wahungaria waliokilalamikia Kilatini na Kijerumani walipopata nguvu waliwafanyia jirani zao yale yale. Mwaka 1875 serikali yao ilikifunga Matica slovenská, chama cha utamaduni cha Waslovakia, na sheria ya shule ya mwaka 1907 ilikisukuma Kihungaria katika madarasa ya watoto wasiokijua. Lugha iliyotoka kuonewa iligeuka kuonea. Nasi tunaopigania Kiswahili tujitazame katika kioo hicho. Kiswahili kikipanda kwa kukanyaga Kigiriama, Kiturkana, Kielmolo au Kitaita, kitakuwa kimerithi kiti cha mkoloni pamoja na kiboko chake.

Siku ya mwisho tuliingia Budapest usiku, taa za jumba la bunge zikiakisi majini. Mji huu ulizaliwa mwaka 1873 kwa kuunganishwa Buda, Óbuda na Pest, na hapa ndipo Teleki alipofia mwaka 1916. Lakini bwana wa ukingo huu, kwa maoni yangu, ni yule yule Széchenyi. Alisukuma mbele usafiri wa meli za mvuke katika Danube, akapigania ujenzi wa daraja la kwanza la kudumu kati ya Buda na Pest, lililofunguliwa mwaka 1849, na kwenye kichwa cha daraja hilo, upande wa Pest, limesimama jumba la ile Akademia. Meli, daraja na lugha: kwake yeye vyote vilikuwa vyombo vya kuvushia watu.

Kwa Mswahili, Kihungaria kina utamu wa pekee. Hakina nasaba na Kiswahili hata kidogo, lakini kinajenga maneno kwa kuunganisha viambishi kama chetu. Nyumba ni ház, na nyumbani, kwa maana ya ndani ya nyumba, ni házban. Kiambishi kimekaa mwishoni kama -ni yetu. Mhungaria humwambia mpenzi wake neno moja tu, szeretlek, ndani yake mna mpenda, mpendwa na kitendo, kama vile sisi tusemavyo nakupenda. Tena neno moja, ő, humtaja mume na mke pasipo ubaguzi, kama yeye yetu. Walioiita lugha hiyo ngumu na isiyofaa elimu walikuwa wakipima kwa vipimo vya lugha nyingine.

Na ilipokosa istilahi, wenyewe waliziunda. Kuanzia mwisho wa karne ya 18, Ferenc Kazinczy na wenzake walibuni au kufufua maelfu ya maneno. Sarufi ikawa nyelvtan, kutoka nyelv, ulimi au lugha, na tan, mafundisho. Watu waliwacheka, na mwaka 1813 kilichapishwa kijitabu kizima cha kuwakejeli kiitwacho Mondolat. Leo mtoto wa Hungaria hutamka mengi ya maneno hayo bila kujua kwamba yalipata kuchekwa. Nikumbuke vicheko tunavyovipokea madarasani tutajapo tarakilishi, runinga na rununu! Simtaki mwalimu alazimishe kila neno jipya; mengine yatakufa, na ni haki yafe. Lakini neno huuawa au huponywa na matumizi, wala halihukumiwi na kicheko cha siku ya kwanza.

Kando ya mto, karibu na jumba la bunge, kuna ukumbusho usiofanana na taa za Krismasi. Ni jozi 60 za viatu vya chuma zilizopangwa ukingoni, za wanaume, za wanawake na za watoto. Ziliwekwa mwaka 2005 kuwakumbuka Wayahudi waliopigwa risasi pale na wanamgambo wa Kihungaria katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, baada ya kuamriwa wavue viatu. Baridi ya usiku ule ilinifunza maana ya kuvuliwa viatu mwezi wa Desemba. Mapenzi ya taifa na ya lugha ni jambo jema mpaka pale yanapoanza kuuliza nani si mwenzetu.

Niseme pia neno juu ya wasafiri wenyewe. Wengi wetu melini tulipita nchi nne kwa Kiingereza peke yake. Salamu tuliyofunzwa ilitosha kuagizia kinywaji: Grüß Gott Austria, dobrý deň Slovakia, jó napot Hungaria. Mwenyeji alitabasamu, nasi tukajiona wajuzi. Nilipoyatazama hayo nilikumbuka fuo zetu, ambako lugha yenye tenzi za karne nyingi imepunguzwa ikawa jambo na hakuna matata. Tofauti ni kwamba mwenyeji wa Bratislava, akisha kumhudumia mgeni kwa Kiingereza, hurejea nyumbani akasoma gazeti, riwaya na kitabu cha kemia kwa Kislovakia. Lugha ya mgeni kwake ni kazi. Lugha yake ni maisha yake. Kwetu, mwenyeji aliyemfundisha mgeni jambo ndiye anayemwadhibu mwanawe kwa kuzungumza Kiswahili nyumbani.

Sasa turudi kwenye ule mto Inn wenye maji mengi usiobaki na jina. Kiswahili, kwa makadirio ya UNESCO, kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Kihungaria kina milioni 13 hivi. Walakini Tuzo ya Nobeli ya fasihi imewaendea waandishi wawili walioandika kwa Kihungaria, Imre Kertész mwaka 2002 na László Krasznahorkai mwaka 2025. Mwaka 2021 ilimwendea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Simlaumu, mwandishi huandika kwa lugha iliyomlea kisomo. Ninachouliza ni kwa nini lugha yetu haikumlea mpaka hapo. Maji tunayo. Jina ndilo hatujalibeba.

Wala hatukosi sheria. Tangu mwaka 1974 Kiswahili kimezungumzwa katika bunge letu, tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, na Katiba ya 2010 ilikifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi, huku ikiiagiza serikali ilinde lugha zote za wananchi. Kilichobaki ni ile kazi ya Kazinczy na Štúr: sarufi, istilahi, tafsiri, vitabu vya sayansi, na mtu wa kutoa mapato yake ya mwaka mmoja.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa hiyo nawaachia walimu zoezi dogo, lisilohitaji meli wala theluji. Muhula ujao wagawieni wanafunzi wenu daftari, wakawaulize wazee wao majina ya mito, vilima na maziwa ya kwao kwa lugha zote zinazozungumzwa hapo, na maana ya kila jina, kisha wayaandike kwa Kiswahili fasaha. Walio kaskazini waanze na ziwa lenyewe. Wawaulize Waturkana, Wasamburu, Wadasanachi, Warendile na hasa Waelmolo, maana hata jina la sasa ni la jamii moja tu kati ya nyingi zinywazo maji yale. Waandike mapema, kabla hajaja mtu mwingine mwenye shajara.